NYUMBA YA SAFARI JUU YA TELA DOGO: PESA ZIENDE CHINI YA SAKAFU



Kila likizo ndefu ya Julai na Agosti inapokaribia, katika nyumba nyingi za Nyamirambo na Biryogo huanza mazungumzo yaleyale. Watoto wanataka kuliona ziwa Kivu. Mama anataka kwenda kuwajulia hali ndugu zake walioko Rubavu. Baba anachukua kalamu, anapiga hesabu ya nyumba ya wageni kwa watu watano kwa siku nne, halafu ananyamaza. Safari inasogezwa hadi mwaka ujao.

Sisi nasi tulikuwa hivyo. Tulikuwa na shangazi yetu Rubavu, mtu mzima, anaishi na wajukuu katika nyumba ya vyumba viwili. Kila akipiga simu alisema: "Njooni wanangu, nyumba si ndogo kama moyo ni mkubwa." Nasi tulijua kwamba tukienda watu watano, atatupa kitanda chake na yeye atalala chini. Tukaona haya. Tukasema tutakwenda tukipata pesa ya kulala kwingine. Tuliahirisha miaka miwili, na mwaka wa tatu zikatufikia habari za kifo chake. Watoto wetu wadogo hawakuwahi kumwona. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baada ya msiba huo ndipo familia tatu za jirani tulipokaa kitako. Vijana wetu wawili wanaosomea ufundi walileta wazo: tujenge nyumba ndogo juu ya tela, ivutwe na gari dogo tulilonalo, na familia zote tatu ziitumie kwa zamu. Tukifika kwa ndugu tunaomba nafasi uani tu. Hatumwondoi mtu kitandani mwake.

Wazo lilikuwa zuri, ila mwanzo tulilitekeleza vibaya. Tunaandika haya ili atakayelifuata asirudie makosa yetu.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulianza kwa kuchora chumba. Kila mtu alitaka chake. Mmoja alitaka vitanda vinne, mwingine jiko la ndani, mwingine kabati la nguo na dirisha la kioo. Mchoro ukafika mita 3 na nusu kwa urefu na mita 2 kwa upana. Tukaupeleka kwa fundi wa kuchomelea, naye akatumia vyuma vizito na ekseli kuukuu ya gari kubwa, kwa nia njema kabisa, ili kazi iwe imara.

Fremu ilipokwisha, watu wanne hatukuweza kuisogeza uani. Tukaipeleka kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo 310! Hapo hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna godoro wala dumu la maji. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale kwenye mzani akatuuliza: "Hiki mnakivuta kwa gari gani, wanangu?" Tukamwonyesha ile Corolla yetu. Akacheka mpaka akafuta machozi. Fremu tuliiuza palepale kwa bei ya chuma chakavu, na mchango wa miezi minne ukawa umekwenda.

Kosa halikuwa la fundi, yeye alifanya tulichomwomba. Kosa lilikuwa letu, kwa kuuliza "tunataka chumba gani?" kabla ya kuuliza "gari letu linaweza kuvuta kilo ngapi juu ya milima yetu?"

WAZEE WETU WALIPANGA KWA UZITO

Jambo hili si geni kwa watu wa lugha yetu. Kiswahili kilifika sehemu hizi kwa njia za misafara, kisha kwa askari na wafanyabiashara waliokuja wakati wa Wajerumani, mji wa Kigali ulipoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907. Na misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, haikupangwa kwa kutazama ukubwa wa bidhaa. Ilipangwa kwa mzani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kilichozidi kiligawanywa au kiliachwa. Kiongozi aliyedanganya mzani alikuta mizigo yake imetupwa njiani.

Gari dogo ni mpagazi pia, na lina frasila zake. Tena hapa kwetu linabeba katika mazingira magumu. Kigali iko juu ya bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Maana yake gari letu, kabla halijafungwa tela lolote, limekwisha kupungukiwa na nguvu. Halafu anayekwenda Rubavu akitoka Nyabugogo tu anakutana na mlima wa Shyorongi, mbele yake kuna Buranga kule Gakenke, na baada ya Musanze barabara inapanda hadi Mukamira, zaidi ya mita 2,000, ndipo inateremka kuelekea ziwani. Na mteremko ni mtihani kuliko mlima. Mlimani gari likichoka linasimama. Kwenye mteremko tela zito linalisukuma gari kwa nyuma, na breki zikipata moto hazishiki.

NAMBA YA KUANZIA

Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaliita tela jepesi lile ambalo uzito wake wa juu ulioruhusiwa, pamoja na mzigo, hauzidi kilo 750. Dereva mwenye leseni ya daraja B anaweza kuvuta tela la namna hiyo. Waliofanya mtihani wa kanuni za barabarani hapa Rwanda wataikumbuka namba hiyo. Lakini mkataba huo una sharti jingine ambalo wengi hawalijui: hata tela jepesi, likizidi nusu ya uzito wa gari tupu linalolivuta, linatakiwa liwe na breki zake lenyewe.

Sasa tupige hesabu. Corolla ya miaka ya 1990 ina uzito wa kilo 1,000 na kidogo. Nusu yake ni kilo 500. Basi mwenye gari kama hilo asiitazame ile 750. Namba yake ni 500, na ni vizuri abaki chini ya hapo.

Je, nyumba ya kulala inaweza kutengenezwa kwa uzito huo? Inaweza, na ilishafanyika zamani. Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa ufukara mkubwa, watu wa kawaida walianza kujitengenezea vitela vya kulala vyenye umbo la tone la maji. Mwaka 1947 gazeti la mafundi la Mechanix Illustrated lilichapisha mchoro wake ili kila mwenye msumeno ajitengenezee. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa futi 4 kwa futi 8, na sababu ni rahisi: hicho ndicho kipimo cha karatasi moja ya plaiwudi. Nenda leo Gakiriro ya Gisozi uulize plaiwudi, utapewa karatasi ya sentimita 122 kwa 244, ambayo ni futi 4 kwa futi 8. Sakafu ni karatasi moja nzima, huna unachokata wala unachotupa. Hapo ndipo unafuu unapopatikana.

Hesabu ya tela letu la pili ilikuwa hivi:

Fremu ya bomba la mraba la milimita 40, unene milimita 3, jumla ya mita 14: karibu kilo 50.
Ekseli, springi, magurudumu mawili na moja la akiba: kilo 90.
Plaiwudi karatasi 5, mbili za milimita 12 na tatu za milimita 9: kilo 95.
Mbao, mlango, bawaba, bati jepesi la paa na rangi: kilo 45.

Jumla ya nyumba tupu ni kilo 280, pungufu kuliko ile fremu yetu ya kwanza peke yake! Kisha mzigo: madumu mawili ya maji ya lita 20, kilo 40. Godoro na mablanketi, kilo 25. Jiko na mtungi mdogo wa gesi, kilo 20. Nguo, vyombo, chakula na hema, kilo 65. Mzigo wote ni kilo 150, na jumla kuu ni kilo 430. Watoto wetu waliigeuza hesabu hiyo kuwa ya wapagazi wakapata mizigo 13 na kidogo. Tangu siku hiyo anayetaka kuongeza kitu huulizwa: "Nani atakubebea?"

PESA ZIENDE CHINI YA SAKAFU

Hapa ndipo penye maoni yetu hasa, na tunajua wapo watakaopinga. Familia nyingi zikipanga jambo la namna hii, pesa nyingi huenda kwenye vinavyoonekana: rangi, pazia, taa za urembo, kabati. Chini hufungwa tairi zilizokwisha, na beringi zilizotolewa kwenye gari bovu bila hata kupakwa grisi mpya. Mgeni akija anasifu pazia. Barabara haijui pazia.

Sisi tunasema: katika kila franga kumi za bajeti, tano ziende chini ya sakafu. Yaani ekseli nzuri, beringi mpya, tairi zenye umri mzuri, kiungio cha kuvutia kilichofungwa kwenye mwili wa gari na fundi anayejua kazi, minyororo miwili ya usalama ili kiungio kikichomoka tela lisiende peke yake, na taa za nyuma zinazowaka sawasawa na za gari. Tatu ziende kwenye kuta na paa. Moja iende ndani. Moja ibaki mkononi, kwa sababu hakuna ujenzi uliokwisha bila dharura.

Ikiwa pesa haitoshi, punguzeni juu, msipunguze chini. Dirisha linaweza kuwa la turubai. Kabati linaweza kuwa kikapu. Lakini tairi haliwezi kuwa kitu kingine.

Na mkishapakia, angalieni uzito ulioegemea mbele, pale tela linapounganishwa na gari. Uwe kama asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Kwa kilo 430 ni kati ya kilo 30 na 43. Mzani wa kupimia watu, ule wa nyumbani, ukiwekwa chini ya ncha ya tela unatosha kupima. Uzito ukilalia nyuma, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva asiyezoea hulipoteza gari. Madumu ya maji wekeni karibu na ekseli, msiyarundike nyuma.

USALAMA WA FAMILIA

Akina mama walituuliza maswali ambayo vijana hawakuyafikiria, na tunawashukuru.

Kwanza, nani analala wapi? Kitanda cha upana wa sentimita 122 ni cha mama na watoto wadogo wawili, au wasichana wawili. Baba na wavulana wanalala kwenye hema pembeni. Hivyo sitara inapatikana bila kujenga kasri. Wakati wa safari hakuna mtu hata mmoja anayekaa ndani ya tela, hata kwa dakika tano, hata akilia.

Pili, moto. Usiku wa Mukamira na Musanze ni wa baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani. Tunasema kwa herufi kubwa: MSIFANYE HIVYO. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kidogo kama hicho hujaa upesi, mtu akafa akiwa usingizini. Jiko la gesi nalo litumike nje tu. Sisi wenyewe usiku wa kwanza tuliziba matundu yote kwa ajili ya baridi, na asubuhi kuta zilikuwa zinatiririka maji ya pumzi zetu. Hapo tukaelewa jinsi hewa ilivyokuwa ndogo. Sasa matundu mawili, moja juu na moja chini, hayazibwi kabisa. Baridi dawa yake ni blanketi.

Tatu, mlango. Rwanda tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango wa ubavuni uwe kulia ili mtoto ashukie pembeni na asishukie barabarani. Lakini anayekusudia kuvuka Rusumo kwenda Tanzania akumbuke kwamba kule, kama ilivyo Uganda, wanaendesha kushoto, na mlango huohuo utamfungukia kwenye magari. Sisi tuliuweka nyuma, tukamaliza ubishi.

Nne, kibali. Kabla ya kukata chuma hata kimoja, nendeni kwa polisi wa usalama barabarani na kwenye kituo cha ukaguzi wa magari mkaulize tela la kutengeneza wenyewe linatakiwa liwe na nini ili lisajiliwe, na bima yake ikoje. Chukueni majibu kwa maandishi mkampe fundi. Ni aibu kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Msipange kuondoka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni siku ya umuganda. Na mwendo uwe wa pole, maana zile kamera ambazo sisi watu wa Kigali tunaziita Sofia hazina ndugu.

WANAOPINGA, NA WANAOZIDISHA

Wapo wanaotuambia: "Hayo yote ya nini? Nunueni hema." Ndugu zetu hawa wana haki kwa sehemu. Familia inayosafiri mara moja katika miaka mitano isijenge tela. Inunue hema na mablanketi, au ikope kwa jirani. Tela lina faida likitumika mara kwa mara na likimilikiwa na watu zaidi ya mmoja. Kwetu familia tatu, kila mmoja alitoa theluthi tu, na kila mmoja ana zamu yake. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi moja: nani analitunza, nani analipa tairi likipasuka, na familia ikihama inarudishiwa nini. Ushirika usioandikwa huharibu ujirani.

Wapo na wanaozidisha. Wanafunzi wawili watatu, walipoona tela letu, walisema: "Sisi tukimaliza chuo tutaishi humu, tuepukane na kodi ya nyumba." Vijana wetu, tunawapenda, na tunajua kodi za Kigali zinavyouma. Lakini sikilizeni. Kigali ni mji wenye mpango mkuu wa matumizi ya ardhi, huwezi kusimamisha tela popote ukaita nyumbani. Utahitaji uwanja, na uwanja una mwenyewe. Utahitaji choo, maji na umeme, na hivyo utavipata kwa jirani, mpaka jirani achoke. Mvua za Machi na Aprili zitakukuta ndani ya sentimita 122. Mwisho utalipa kodi ya uwanja, na usipate chumba. Tela ni chombo cha safari. Nyumba ni kitu kingine, nayo ina mipango yake.

TULIFIKA

Likizo iliyopita tela letu lilikwenda Rubavu kwa mara ya kwanza. Mlima wa Shyorongi tuliupanda polepole, malori yakatupita, watoto wakahesabu mangapi. Kwenye Buranga tulisimama gari lipoe, tukanywa chai. Kwenye mteremko dereva alitumia gia ya chini, breki akazigusa kwa vipindi, na kila tuliposimama alishika rimu za tela kwa mkono kuona kama beringi zina moto. Hazikuwa na moto.

Tulisimama katika ua wa shangazi yetu marehemu. Wajukuu zake wapo palepale, na mkubwa wao sasa ndiye mwenye nyumba. Alitaka kutupisha chumba kwa heshima. Tukamwambia: "Asante sana mwanetu, sisi tumekuja na chumba chetu." Akacheka. Usiku ule watoto wetu na wale walikaa mlangoni mwa tela wakipiga hadithi, na hakuna aliyelala chini kwa ajili yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tulishika majembe kweli, tukawasaidia kusafisha ua. Asubuhi kabla ya kuondoka tulikwenda kaburini tukamwombea dua.

Tulichelewa kwake yeye, na hilo halirudi. Lakini kila familia inayosoma haya ina shangazi, ina babu, ina mjomba mahali fulani ambaye anasubiri, na ambaye hatembelewi kwa sababu ya bei ya kitanda. Kama kilo 430 za plaiwudi na chuma zinaweza kuondoa sababu hiyo, basi si mchezo wa watoto. Anzeni na mzani. Pesa zenu zianze chini ya sakafu. Na msingoje mwaka wa tatu.